Tulikwenda kuwaimbia wazee, sasa tumeambiwa tusirudi kwanza. Tulikosea wapi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kwaya ya vijana katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Moshi. Mwezi wa Desemba tulikwenda kwenye makao ya wazee tukiwa thelathini na kitu. Tulipeleka mchele, sukari, sabuni na katoni za juisi. Tulipomaliza kugawa tuliimba, mwinjilisti wetu akahubiri, halafu akawaomba wanaotaka kumpokea Yesu wanyooshe mkono. Wazee watatu walinyoosha. Tuliwaombea na kuwapaka mafuta, tukapiga picha, tukaondoka na furaha. Baadaye tukasikia mmoja wa wale watatu ni Mwislamu. Wiki iliyofuata mfawidhi, yaani msimamizi wa makao, alimpigia mchungaji wetu simu, akasema tusirudi mpaka tukae naye kwanza. Baadhi ya wenzangu wanasema hivi ni vita vya kiroho. Mimi sina uhakika. Kwani kumhubiria mzee ni kosa? Na tukiruhusiwa kurudi, tufanyeje?

Jibu: Marahaba, binti yangu. La vita vya kiroho liwekeni pembeni. Mfawidhi asiyewataka angenyamaza tu, na siku mkirudi mngekuta geti limefungwa. Huyu amepiga simu na anataka mkae. Nendeni mkakae.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nimestaafu, na kanisani ni mzee wa usharika, kwa hiyo magomvi ya namna hii nimeyasikiliza kutoka pande zote mbili za meza. Kwa kawaida kila upande una haki yake, ila waimbaji huwa hawajui wameingia nyumba ya nani.

Kwa sera yetu, ile Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wa kwanza kumtunza ni familia yake. Makao ni kimbilio la mwisho. Maana yake, mzee mliyemkuta pale kwenye benchi amefika hapo baada ya milango mingine yote kufungwa. Yupo aliyekuja ukanda huu akiwa kijana kukata mkonge au miwa ya TPC, yale mashamba ya sukari karibu na Moshi, akitokea mbali, hata nje ya nchi; kwao hakurudi, na huku hakuoa. Yupo bibi aliyefiwa na watoto wote. Yupo mwenye watoto wazima kabisa, tena wenye kazi zao mjini, na huyo ndiye mwenye uchungu kuliko wote. Wamo Walutheri, Wakatoliki, Wasabato, Waislamu, na wasiotaka kuulizwa habari za dini. Wanakula pamoja na kulala chumba kimoja, na mtakapoondoka wataendelea kulala chumba hichohicho.

Sasa tazama mpangilio wa siku yenu. Kwanza sukari na sabuni, kisha nyimbo, kisha mahubiri, kisha "nyoosha mkono". Mzee anayetegemea watu wengine kwa chakula, kwa kuoga na kwa kugeuzwa kitandani amejifunza kitu kimoja vizuri sana: kutowaudhi wanaomletea kitu. Wageni wameleta sukari, wameimba mpaka jasho limewatoka, sasa wanaomba mkono. Ananyoosha. Ni adabu. Babu yule wa Kiislamu huenda alifikiri mnauliza nani anataka kuombewa, au nani hajapata juisi. Spika zenu zilikuwa zinaunguruma, na wazee wengi wa umri ule hawasikii vizuri.

Halafu kuna jambo ambalo mhubiri wa mkutano wa hadhara halimpati. Pale uwanjani, asiyependa mahubiri ananyanyuka na kwenda zake. Mzee mwenye kiharusi aliyesogezewa kiti kwenye uwanja wa makao ataondokaje? Katiba yetu, Ibara ya 19, inalinda uhuru wa kutangaza na kueneza dini, na hapohapo inasema jambo hilo ni la hiari ya mtu. Hiari ya mtu asiyeweza kuondoka ni hiari nyembamba sana. Mwenye afya zake ndiye mwenye wajibu wa kuilinda.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: kumweleza mzee habari za Yesu si kosa. Kosa ni kumweleza akiwa hana njia ya kusema hapana. Mpeni njia hiyo, na mengi yatanyooka yenyewe.

Inatolewaje? Kwa kuanza na watu wachache. Watu thelathini ni mkutano. Wanne au watano ni wageni. Acheni ngoma na kinanda nyumbani. Ingieni wawili wawili, mmoja awe mtu mzima aliyetulia. Piga hodi hata kama mlango uko wazi, kwa sababu chumba kile ndiyo nyumba yake yote. Sema shikamoo, usubiri mpaka akuitikie. Taja jina lako na unakotoka, hata kama mwezi uliopita ulimwambia. Usimuulize "unanikumbuka?" Anayesahau anaaibika bure. Vuta kiti, kaa upande wa sikio linalosikia, uso wako uwe kwenye mwanga, na uulize: "Babu, leo una nafasi ya mgeni?" Akisema amechoka, shukuru, ondoka, na wiki ijayo urudi umuulize tena vilevile. Mzee aliyekukataa mara moja ukamheshimu ndiye mara nyingi atakayekuita mwenyewe siku nyingine, kwa sababu ameshaona kwamba kwako neno lake lina uzito.

Kisha nyamaza. Hapo ndipo vijana wanaposhindwa. Wanaogopa kimya, wanakijaza kwa mistari ya Biblia. Muulize alilima nini, alisafiri wapi, mama yake alikuwa anapika nini. Mama wa Kimachame aliyelazwa kitandani mwaka mzima atakueleza ndizi za mtori zinavyochaguliwa, utamwona anaelekeza kwa mkono kana kwamba sufuria iko mbele yake. Wapo ambao Kiswahili kimeanza kuwaponyoka na wamerudi kwenye lugha ya utotoni. Kama kwayani kwenu kuna anayejua Kirombo, Kipare au Kimasai, huyo ana thamani kuliko mpiga kinanda. Na jihadharini, Kichaga si kimoja. Mrombo na Mmachame wanaweza kutazamana tu.

Nyimbo zina nafasi, tena kubwa. Ugonjwa wa kusahau hula mambo ya jana kabla ya kufika kwenye nyimbo za utotoni, kwa hiyo mzee asiyekumbuka kama amekula mchana anaweza kukuimbia beti zote za wimbo aliofundishwa shule ya misheni. Ila muulize yeye anataka upi, na uimbe kwa mwendo wake. Nyimbo zenu mpya zenye kupokezana haraka zinamwacha njiani. Sauti mbili kando ya kitanda zinatosha. Na kabla ya kuanza, mwangalie jirani yake: chumba ni cha watu wanne, na wa kitanda cha pili huenda ni Mwislamu anayepumzika. Muulizeni naye. Akisema hapana, mpelekeni mwenye wimbo wake kibarazani.

Kuhusu maombi, swali ni "Ungependa nikuombee?" Akikubali: "Nikuombee nini?" Majibu yatawashangaza. Wachache wataomba uponyaji. Wengi watamtaja mtoto asiyepiga simu. Omba jambo alilotaja, kwa ufupi, kwa sauti ya kawaida, na usimguse kichwani bila kumuuliza. Hakuna kukemea kwa makelele chumbani mwa wagonjwa. Anayetetemeka mikono huenda ana maradhi ya neva, na ukimfanya aamini kwamba ana pepo utamwachia hofu ambayo wahudumu wataibeba usiku kucha.

Mafuta acheni kabisa. Najua Yakobo ameyaandika katika waraka wake, na najua mlipaka kwa nia njema. Lakini mfawidhi wenu anaishi Moshi. Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Tangu siku ile, mwenye dhamana ya watu dhaifu katika mji huu akiona chupa ya mafuta mkononi mwa mgeni, ana haki ya kuuliza maswali. Mzee Mlutheri akitaka kupakwa mafuta au kushiriki Chakula cha Bwana, mchungaji atakuja. Mkatoliki akitaka mpako wa wagonjwa, aitwe padre wa parokia yake. Mwislamu akitaka mtu wa kumsomea dua, mwambieni mfawidhi awaarifu watu wa msikiti wa karibu. Ndiyo, ninyi Wakristo ndio mpeleke ujumbe huo. Sioni imani yenu inapungukiwa nini hapo.

Na msithubutu, hata kwa dokezo, kumwambia mzee kwamba akiamini hahitaji tena vidonge. Mwaka 2011 watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu, yule mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, wapo walioacha dawa za presha, kisukari na UKIMWI wakidhani wamepona. Mzee wa presha akiacha vidonge kwa sababu ya neno la mgeni, kiharusi kitakuja mgeni akiwa nyumbani kwake anakula.

Sasa babu wa Kiislamu. Msiende kumhoji kama aliokoka au hakuokoka. Mmoja wenu, aliye mpole kuliko wote, aende na mfawidhi, amwamkie, amwambie: "Babu, siku ile tuliuliza jambo kubwa haraka haraka mbele ya watu. Hudaiwi chochote na sisi." Halafu azungumze naye habari nyingine. Kama kweli alimaanisha, atasema mwenyewe, leo au baada ya miezi mitatu. Hapo mchungaji ataingia, taratibu, mfawidhi akijua, pasipo zawadi yoyote katikati. Mzee anayebadili dini ndani ya makao anaweza kugombana na wenzake wa chumba, na wale ndio ndugu pekee aliobaki nao.

Zawadi zote zipitie stoo na ziandikwe kwenye daftari. Mkigawa kwa mkono, mzee mchangamfu wa mlangoni atapata sabuni tatu na aliye kitandani nyuma hatapata kitu, na ugomvi huo mtawaachia wahudumu. Juisi za katoni na sukari ni mzigo kwa wenye kisukari, na karibu kila makao wamo. Chakula msimlishe mtu yeyote bila kumuuliza mhudumu. Aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa na kipande kidogo tu cha andazi, na chakula kikaingia kwenye mapafu. Kabla ya kununua chochote ulizeni kinachokosekana. Mara nyingi mtaambiwa pampasi za watu wazima, mafuta ya mgando, glavu, dawa ya kusafishia sakafu. Havipendezi kwenye picha, lakini ndivyo vinavyokwisha kila wiki.

Picha zenyewe ziondoeni mlikoziweka. Zile za kwenye magrupu ya WhatsApp hamtaweza kuzirudisha zote, ila zilizoko kwenye ukurasa wa kwaya zifuteni leo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Mbali na sheria, fikiria bibi aliyekuwa mwalimu, ambaye wanafunzi wake wa zamani wanamwona kwenye simu akiwa amefungwa kanga kifuani, chini pameandikwa "tuliwagusa wahitaji".

Nije kwenye tarehe, maana hapa ndipo ninyi watu wa Moshi mnapoweza kufanya kitu ambacho wengine hawafanyi. Desemba Kilimanjaro nzima inarudi nyumbani. Magari ya Dar yamejaa barabarani, kila ukoo una mkutano, kila kikundi kinakumbuka wazee. Kuna Jumamosi makao yanapokea makundi matatu kwa siku moja, kila moja na mchele wake na mahubiri yake, na wazee wanakaa juani toka asubuhi wakipokea wageni. Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, ni hivyohivyo. Nendeni basi Februari. Nendeni wakati wa masika, Aprili, matope yakiwa yamejaa na hakuna anayetaka kutoka. Nendeni Julai, baridi ya mlima ikishuka na blanketi moja halitoshi. Chagueni siku moja ya mwezi, mfano Jumamosi ya pili, saa moja na nusu tu, na muishike mwaka mzima. Mkishindwa siku fulani, pigeni simu mapema. Kuna wazee watakaokuwa wamenyolewa na kuvaa shati safi kwa ajili yenu, na kumwacha mtu kama huyo anatazama geti ni afadhali msingeanza.

Mkizoeleka, mtaanza kuambiwa mambo, na hapa nataka muwe na tahadhari kuliko kwenye mahubiri. Babu atakwambia watoto wa kaka yake wamemnyang'anya kihamba, yaani shamba la ukoo. Huenda ni kweli; huenda kihamba kiligawanywa miaka arobaini iliyopita mbele ya ukoo na yeye amesahau. Msipande mlimani kwenda kuwakabili ndugu, wala msiwe mashahidi wa wosia, wala msipokee kadi ya benki "umtolee hela". Mpelekeeni afisa ustawi wa jamii habari hiyo. Akikwambia anapigwa au ananyimwa chakula, usimwahidi siri. Mwambie: "Hili siwezi kukaa nalo, nitalifikisha." Lifikishe kwa mfawidhi, na kama anayelalamikiwa ni mfawidhi mwenyewe, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Makao ya serikali, kama yale ya Njoro hapo Moshi, yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, kwa hiyo hata mfawidhi wa makao hayo ana mkubwa wake.

Swali lingine litakalowakuta hamjajiandaa ni hili: "Nikifa nani atanizika?" Wahubiri hudhani wazee wanahangaikia mbingu. Kwa niliowasikia mimi, kaburi linawasumbua zaidi. Kwa Mchaga, mtu huzikwa kihambani kwao, kati ya migomba, na anayelala makao anajua kwamba hilo kwake huenda halipo. Usimjibu kwa haraka kwamba mwili ni udongo tu. Muulize angependa nini: azikwe wapi, kwa ibada ya kanisa gani, wimbo upi, nani apigiwe simu. Mwombe ruhusa ya kumpa mfawidhi majibu hayo yawekwe kwenye jalada lake. Na kama kikundi chenu kinaweza kweli, ahidini kwamba siku hiyo watu wanne wa kwaya watakuwepo kaburini na kuimba. Msiahidi kama hamna uhakika na nauli wala ruhusa za kazini. Nimeona maziko ambayo watu walikuwa dereva, wachimbaji wawili na mhudumu mmoja aliyekuwa zamu.

Kikao na mfawidhi kisiwe cha kujitetea. Aende mchungaji, wewe katibu, na mwinjilisti mwenyewe, si mwakilishi wake. Semeni mmeelewa shida iko wapi, ombeni kanuni za makao, mzisome palepale. Pelekeni barua ya usharika yenye majina ya watu wasiozidi kumi watakaokuwa wanakuja kwa zamu, ili mlinzi na wahudumu wawajue. Mwenye mafua au kikohozi abaki kwake siku hiyo, na kunawa mikono ni kuingia na kutoka. Wanafunzi wa kipaimara wanaweza kuja, wawili na mtu mzima, wakishaelezwa watakayoyaona na harufu watakayokutana nayo. Mkiweza, ombeni pia siku moja ya kufundishwa na wachungaji wa hospitali. Pale KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, huduma ya kiroho kwa wagonjwa ni kazi ya kila siku, na mtu aliyezoea kukaa na wagonjwa atawafundisha kunyamaza kuliko mimi kwa maandishi haya.

Mwinjilisti wenu msimtupe. Mpeni jukumu la kumsomea Biblia bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho, sura moja kila ziara, bibi mwenyewe akichagua kitabu. Atagundua kwamba bibi anajua Zaburi kuliko yeye.

Na kuhusu fulana za rangi moja ambazo, nimesikia, mmeshaanza kuchangishana: ulizeni kwanza paketi ya pampasi za watu wazima ni bei gani dukani hapo mjini, halafu mpige hesabu upya.